Sarafu 100 na boksi moja: jinsi ya kuonyesha kuoza kwa viini nururifu darasani

Zoezi ni la kutupa sarafu, kuondoa zilizoonyesha picha kana kwamba ni viini vilivyooza, na kuzitupa tena zilizobaki. Maswali ninayoulizwa kulihusu ni yale yale kila mara. "Sarafu ngapi zinatosha?" "Ni lazima tuwe na dadu?" "Tumetupa sarafu 100 zikabaki 57, tumekosea wapi?" Hilo la mwisho ndilo huulizwa zaidi, na jibu lake ni fupi: hamjakosea popote. Basi nimeona niyaweke yote mahali pamoja, mwalimu, kuanzia vifaa hadi pale zoezi linapogoma.

Nadharia utakayoihitaji ni hii tu. Atomu nururifu ina kiini kisichotulia. Wakati wowote kiini hicho kinaweza kutoa mionzi na kugeuka kuwa kiini cha aina nyingine, na huko ndiko kuoza. Hakuna awezaye kusema kiini fulani kitaoza lini. Tunachojua ni uwezekano wake wa kuoza katika muda fulani. Nusu-maisha ni muda unaopita hadi nusu ya viini ulivyoanza navyo viwe vimeoza. Iodini-131 huchukua siku 8, kaboni-14 miaka 5,730, urani-238 miaka bilioni 4.5 hivi. Sarafu inafaa kuigiza jambo hili kwa sababu nayo haitabiriki ikiwa moja, lakini zikiwa nyingi zinatabirika vizuri sana.

Usiongeze neno zaidi ya hapo kabla ya zoezi, na hasa usiandike fomula ubaoni. Wanafunzi wakishajua jibu "linalotakiwa" watalipika. Nimewahi kupita nyuma ya kikundi nikakuta daftari tayari lina 100, 50, 25, 12, 6, 3, limepangwa vizuri, na boksi lao halijatikiswa hata mara moja.

Vitu vya kuandaa

Kwa kila kikundi cha wanafunzi wanne au watano:

- Sarafu 100 za aina moja. Zikikosekana, kata vipande 100 vya kadibodi nene vyenye ukubwa sawa na uweke alama ya X upande mmoja. Vifungo vya nguo vilivyo bapa pande zote mbili vinafaa pia, ukivitia alama.
- Boksi lenye mfuniko, kubwa kiasi cha sarafu kujaza robo yake tu. Boksi la viatu linatosha.
- Kitambaa cha kutandika mezani, ili sarafu zisitoroke wala zisipige kelele za kukera darasa la jirani.
- Vipande 100 vidogo vya karatasi ya rangi. Kazi yake utaiona katika hatua ya 5.
- Daftari, penseli na karatasi ya grafu.

Unaweza kufanya kwa sarafu 50, lakini matokeo yatayumba zaidi. Chini ya 40 sishauri, labda kama utajumlisha matokeo ya vikundi vingi. Zoezi lenyewe huchukua dakika 40 hivi. Grafu iachie kipindi kinachofuata kama muda ni mfupi.

Tahadhari kuhusu vizibo vya chupa, kwa kuwa kila mtu huvikimbilia. Kizibo kina upande ulio wazi na upande uliofungwa, kwa hiyo hakina sababu ya kuangukia pande zote mbili kwa usawa. Ukitaka kuvitumia, kwanza tupa kimoja mara 100 na uhesabu. Kikiangukia upande wa "kuoza" mara 40 tu, nusu-maisha yako haitakuwa mtupo 1 bali karibu 1.4. Hilo si baya, na darasa la juu linaweza kulifurahia, ila wewe ulijue mapema.

Hatua kwa hatua

1. Kubalianeni upande upi ni "kuoza". Tuseme ni upande wa picha. Andika ubaoni kwa herufi kubwa: PICHA = KIMEOZA, NAMBA = BADO. Kikundi kimoja kikigeuza katikati ya zoezi, matokeo yake hayatumiki tena.

2. Wanafunzi wawili wahesabu sarafu, kila mmoja peke yake. Zisipolingana wahesabu upya. Kikundi kilichoanza na 97 kikidhani kina 100 kitahangaika hadi mwisho na hakitajua kwa nini.

3. Chora jedwali lenye safu tatu: namba ya mtupo, zilizooza, zilizobaki. Mstari wa kwanza uwe mtupo 0, zilizooza 0, zilizobaki 100. Mstari huu ndio unaosahaulika kuliko yote, na ukikosekana grafu inaanzia hewani.

4. Kabla boksi halijaguswa, kila mwanafunzi aandike utabiri wake: zitabaki ngapi baada ya mtupo wa 1, wa 2 na wa 3? Na itachukua mitupo mingapi hadi ziishe kabisa? Utabiri usifutwe. Wengi watasema mitupo miwili, maana "nusu na nusu nyingine ni zote".

5. Funika boksi, litikise kwa sekunde 10, fungua na umimine sarafu kwenye kitambaa. Toa zote zilizoonyesha picha, na mahali pa kila sarafu uliyotoa weka kipande kimoja cha karatasi ya rangi, kirudi boksini pamoja na sarafu zilizobaki. Karatasi hizo ni viini vipya vilivyotokana na kuoza. Zinaendelea kutikiswa na zingine lakini hazihesabiwi tena kama sarafu.

6. Sarafu zilizotolewa zipangwe mezani kwa safu wima: za mtupo wa 1 safu ya kwanza, za mtupo wa 2 safu ya pili kando yake, na kuendelea. Usiwaambie ni za nini. Ikifika safu ya nne utasikia mtu akisema, "Hii si grafu hii?" Ndiyo, ni grafu, tena ya idadi ya viini vinavyooza kila kipindi. Kifaa cha kupimia mionzi hupima hicho hicho.

7. Hesabu zilizobaki, andika, kisha hakiki: jumla ya zote zilizotolewa tangu mwanzo pamoja na zilizobaki iwe 100. Fanya uhakiki huu kila mtupo. Ukiuacha hadi mwisho hutajua kosa liliingia wapi.

8. Rudia hatua ya 5 hadi ya 7 mpaka sarafu ya mwisho itoke. Ukianza na 100, mara nyingi utahitaji mitupo kati ya 6 na 11. Kikundi kimoja kitamaliza mapema na kingine kitakaa na sarafu moja yenye kiburi, mtupo baada ya mtupo. Waache wamalizane nayo.

9. Jumlisha matokeo ya vikundi vyote ubaoni, mtupo kwa mtupo. Hapa kuna mtego: kikundi kilichomaliza mapema bado kinahesabiwa, kwa kuandika 0 katika mitupo iliyobaki. Ukikiacha nje ukatafuta wastani wa vikundi "vilivyo na sarafu" tu, mkia wa grafu utanyanyuka kwa uongo.

10. Chora grafu. Mhimili wa chini ni namba ya mtupo, wa wima ni sarafu zilizobaki. Weka nukta, kisha chora mstari mmoja laini uliopinda, unaopita katikati ya nukta hata kama nyingine zitakuwa juu au chini yake kidogo. Rula iwekwe kando. Kuunganisha nukta moja moja kwa rula ni kudai kwamba kila kuyumba kwa sarafu kuna maana.

11. Soma nusu-maisha kwenye grafu, na usisome mara moja tu. Tafuta muda wa kutoka 100 hadi 50, kisha kutoka 80 hadi 40, kisha kutoka 60 hadi 30. Kwa sarafu kila jibu litakuwa karibu mtupo 1. Mwanafunzi akiona muda ni ule ule popote anapoanzia, hatahitaji kukariri maana ya nusu-maisha.

Matokeo ya kikundi kimoja yanaweza kuonekana hivi: 100, 54, 26, 15, 6, 4, 1, 1, 0. Yametambaa huku na huko, na ndivyo yanavyopaswa kuwa. Ukijumlisha vikundi kumi, yaani sarafu 1,000, mtupo wa kwanza utaacha idadi iliyo karibu sana na 500. Kuikosa kwa zaidi ya 32 hivi ni nadra. Onyesha grafu mbili, ya kikundi na ya darasa zima, kando kwa kando kwa kipimo kinacholingana. Mimi hukaa kimya hapo kwa muda, maana maelezo yangu huharibu wanachokiona.

Ukiwa na dadu, au penseli

Sarafu zina kasoro moja: zinaoza haraka mno. Baada ya mitupo mitatu umebaki na nukta chache za kuchorea. Dadu ni bora kwa grafu. Chagua uso mmoja, tuseme 6, na kila dadu inayoonyesha 6 inatolewa. Hatua zingine hazibadiliki.

Dadu hazipo? Tumia penseli zenye pande sita. Tia alama ya wino upande mmoja, ziviringishe mezani, na inayosimama na alama juu imeoza. Darasa lenye penseli 60 lina viini 60 bila kununua chochote. Ziwe hazijachongwa vibaya, na uso wa meza uwe sawa.

Uliza kwanza: nusu-maisha ya dadu ni mitupo mingapi? Karibu wote watasema 3, kwa hesabu kwamba nyuso 3 ni nusu ya 6. Tupeni. Ukianza na dadu 100, matarajio ni kubaki na 83, kisha 69, kisha 58, kisha 48. Baada ya mitupo mitatu bado zaidi ya nusu zipo. Nusu inafikiwa kwenye mtupo wa 3.8 hivi.

Kosa la ile 3 liko wapi? Wanadhani kila mtupo unakula moja ya sita ya dadu za mwanzo. La, unakula moja ya sita ya *zilizobaki*, na zilizobaki zinapungua. Mwambie mwanafunzi ahesabu kwa mkono, 100 mara 5 gawanya kwa 6, halafu tena, halafu tena, aone mwenyewe.

Na sasa lile ninalolipenda. Gesi ya radoni-222, inayotokana na urani iliyomo ardhini na miambani, ina nusu-maisha ya siku 3.8. Kwa hiyo mkisema mtupo mmoja ni siku moja, dadu zenu zinaiga radoni-222 karibu sawasawa: kila siku kiini kimoja kati ya sita kinaoza. Mwanafunzi aliyekuwa anacheza dadu anagundua kwamba alikuwa na gesi halisi mkononi.

Kwa darasa linalojua logi asilia: wachore logi ya zilizobaki dhidi ya namba ya mtupo. Mstari unanyooka. Mteremko wake kwa sarafu ni karibu -0.69 na kwa dadu -0.18. Nukta za mwisho, zile za sarafu chini ya 10, zitaruka hovyo. Mstari uchorwe kwa kuzingatia zile za mwanzo.

Kama darasa ni kubwa na vifaa hakuna

Kila mwanafunzi awe na sarafu moja na asimame. Ukisema "tupa", kila mmoja anarusha yake. Aliyepata picha anaketi na harushi tena. Hesabu waliosimama, andika, rudia. Wakiwa 64, tarajia 32, 16, 8, 4, 2, lakini tarajia pia kupotoka.

Simamisha zoezi pale anapobaki mmoja. Darasa zima linamtazama, yeye anacheka kwa aibu, sarafu iko kwenye kidole gumba. Uliza kabla hajarusha: "Ana uwezekano gani wa kuketi sasa hivi?" Utasikia, "Mkubwa! Amesimama sana huyo, zamu yake imefika." Hapo ndipo penye somo. Uwezekano wake ni nusu, kama ulivyokuwa kwenye mtupo wa kwanza, kwa sababu sarafu haikumbuki imerushwa mara ngapi. Kiini nacho hakizeeki. Kiini cha kaboni-14 kilichoundwa jana na kilichoundwa miaka 5,000 iliyopita vina uwezekano ule ule wa kuoza kesho. Nusu-maisha ni habari ya kundi. Kiini kimoja hakina "umri uliobaki".

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili la kusimama.

Mambo yakienda mrama

*"Hatukupata nusu kamili."* Kwa sarafu 100, kubaki na idadi yoyote kati ya 40 na 60 baada ya mtupo wa kwanza ni kawaida, itatokea takriban mara 95 kati ya 100. Ukipata 30 au 75, angalia boksi: pengine limejaa sana na sarafu haziwezi kugeuka, au mtu alilitelezesha mezani badala ya kulitikisa.

*"Mitupo miwili mfululizo imetoa idadi ile ile."* Ikiwa zilikuwa sarafu 4 zikabaki 4, hilo hutokea mara 1 kati ya 16. Darasa lenye vikundi kumi litaliona mara kwa mara. Ikiwa zilikuwa 40 zikabaki 40, kuna mtu hakutikisa.

*"Zilizobaki zimeongezeka."* Hili haliwezekani kabisa. Ama mlihesabu vibaya, ama sarafu zilizotolewa zimerudishwa boksini. Rudini kwenye uhakiki wa hatua ya 7 mtafute pale jumla ilipoacha kuwa 100.

*"Sarafu imesimama wima, imeegemea ukingo."* Irushe hiyo peke yake tena. Mkubaliane hivyo tangu mwanzo, la sivyo kila kikundi kitajiamulia kwa namna inayopendeza jedwali lake.

*"Baada ya nusu-maisha mbili si zimeisha?"* Rudi kwenye utabiri wa hatua ya 4 na jedwali lao wenyewe. Baada ya ya kwanza zimebaki 54. Nusu ya pili inakatwa kwenye hizo 54, si kwenye 100.

*"Kwa hiyo atomu zinatoweka?"* Swali hili huja hasa kwa vikundi vilivyoona karatasi za rangi ni usumbufu wakaziacha. Mwagize aliyeuliza ahesabu vilivyomo boksini kwa kikundi kilichozitumia: sarafu zimepungua, karatasi zimeongezeka, jumla ni 100 vile vile.

*"Tukitikisa kwa nguvu zaidi zitaoza haraka?"* Waache wajaribu. Ikishatikiswa vya kutosha, nguvu ya ziada haibadilishi kitu. Swali hili lina thamani kuliko linavyoonekana, kwa sababu hata kuchemsha dutu nururifu au kuisaga unga hakuharakishi kuoza kwake. Tofauti kabisa na mmenyuko wa kemikali, na wanafunzi waliotoka kwenye somo la kemia ndio hushangaa zaidi.

*"Kama kuoza ni bahati nasibu, mbona mistari ya vitabuni ni laini hivyo?"* Kwa sababu ya wingi. Gramu moja ya urani-238 ina atomu takriban 2,500,000,000,000,000,000,000, na kati ya hizo zinazooza kila sekunde ni 12,400 hivi. Sarafu 100 huyumba kwa tano au kumi. Idadi kama hiyo huyumba kwa asilimia moja tu, na kwenye grafu huioni. Kuna tofauti nyingine pia ambayo mwanafunzi makini ataigusa: sarafu zetu zinaoza kwa mafungu, mtupo kwa mtupo, ilhali viini havingoji mtu aseme "tupa". Mkipata nafasi ya kusikiliza kaunta ya Geiger, yaani kifaa kinacholia kila kinaponasa mionzi, karibu na chanzo hafifu, hata kwenye rekodi, mtasikia: mlio, kimya, milio mitatu kwa mpigo, kimya kirefu, mlio.